Mgomba Ulioolewa na Mume Wangu

Kama gazeti la juma lililopita ulifungia karanga kabla hujalisoma, nakufupishia.

Mume wangu Elumalai, fundi wa pampu za visima hapa mjini Panruti, alipanda kutoka kisimani saa nne asubuhi, akaketi kivulini, akaomba maji ya kunywa. Maji yalipofika, yeye alikuwa ameshaondoka. Miaka ishirini aliwapatia watu maji, na siku aliyoyaomba yeye yakachelewa.

Hospitalini karani aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mke. Akanitazama, akakitazama kitambulisho changu, akanitazama tena, kisha akaandika "jirani". Jirani hakabidhiwi maiti. Aliyekabidhiwa ni Sekar, mdogo wake marehemu, aliyekuja na gari kutoka kijijini kwao. Pale getini akaniambia kwamba akiniona kwenye mazishi atanivunja miguu yote miwili. Hakusema mmoja. Hapo ndipo nilipokuacha.

Nilirudi nyumbani, nikakaa sakafuni, nikangoja machozi. Hayakuja. Nikabadilisha mkao, nikangoja tena. Jirani wa kweli alipita dirishani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kwa mtu anayenijua, hilo ni jambo la ajabu, maana kulia ndicho kitu ninachokiweza. Mimi Ponni nilizaliwa nikapewa jina la kiume, nikaliacha nikiwa na miaka kumi na sita, pamoja na nyumba ya baba yangu. Huku kwetu mtu wa aina yangu anatukanwa kwa namba: Tisa. Kwa nini tisa, hata anayetukana hajui. Lakini mtu wa aina yangu ana mungu wake pia, Aravan, aliyetaka kuonja ndoa kabla ya kutolewa kafara vitani. Kila mwaka, mwezi mpevu wa Chitirai, tunakwenda hekaluni kwake, Kuvagam, kuolewa naye. Jioni tunafungwa uzi wa manjano shingoni, asubuhi mume amekufa. Tunakatwa uzi, tunavunjiwa bangili, tunavaa nyeupe na kulia mpaka sauti zinakauka.

Nilikuwa mjane mara kumi na tatu, na nililia vizuri mara zote. Watu walikuwa wanawaacha waliokuja nao, wanakuja kunisikiliza mimi.

Kisha Elumalai akanifunga uzi wake mwenyewe, kwenye kijihekalu cha mungu wa kike Mariamman nyuma ya stendi ya mabasi, kuhani akiwa na haraka zake. Tangu siku ile sikurudi Kuvagam. Niliona si adabu kuolewa na wawili. Nikaishi miaka saba bila kuwa mjane hata mara moja, na sasa nilipokuwa mjane wa kweli, macho yalikuwa makavu. Nilijichukia sana siku ile, na ninalisema wazi kwa sababu nimeahidi gazetini hapa kutoficha kitu.

Sikutaka makubwa. Pikipiki wachukue, pampu wachukue. Nilitaka kumtilia mchele mdomoni.

Kwetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, ndugu wanapita mmoja mmoja na kumtilia marehemu punje za mchele, ili asiianze safari na njaa. Wanaume wanamalizia kule anakochomwa. Wanawake nafasi yao ni uani tu, na jeneza likishatoka getini mwanamke hafuati tena.

Na Elumalai alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na mawe ya kwenye mchele. Aliwahi kuvunjika jino mkahawani, na baada ya hapo hakula wali ambao sikuuchambua mimi, punje kwa punje. Siku moja alikuwa amelala chali ananitazama nikichambua, akasema, "Ponni, siku yangu ikifika, mchele wa mdomoni uwe wako. Hawa ndugu zangu watanichoma na kokoto."

"Na nikitangulia mimi je?"

"Wewe? Hata sokoni hujawahi kutangulia."

Mama yake naye alikuwa akila mapishi ya mkono wangu bila kujua. Kila mwezi Elumalai alimpelekea wali kwenye kopo na kumwambia ameununua kwenye mkahawa mmoja msafi wa mjini. Mama mtu akasema mpishi wa mkahawa huo abarikiwe. Nilifurahi siku tatu, halafu nikakasirika wiki nzima.

Basi nikainuka pale sakafuni, nikachota konzi moja ya mchele, nikauchambua mara mbili, nikaufunga kwenye pindo la sari. Kisha nikaenda kwa Mama Anjalai.

Mama Anjalai anakaa mtaa wa pili na kazi yake ni kulia. Anaongoza waombolezaji wa kukodi: msiba ukiwa na watu wachache wanaojua kuimba, anaitwa yeye na wanawake wake watatu. Nilikuwa nimesikia kwamba Sekar, alipokuwa akitoka mjini na maiti, alipita kwake akaagiza wanne. Nikasikia pia kwamba mmoja wa wanne hao anaumwa koo.

"Unataka nini, Ponni?"

"Nasikia umepungukiwa na mtu, mama."

Mtaa mzima unajua mimi ni nani kwa Elumalai, isipokuwa karani wa hospitali.

"Yule ni mumeo."

"Ndiyo, mama."

"Mtu haendi kulia kwa kukodiwa kwenye msiba wa mumewe."

"Mke haruhusiwi kuingia. Wa kukodiwa anaruhusiwa."

Alilifikiria hilo akaona halina kasoro. Akanionya kwamba nikilia kama mke nitamharibia kazi, kwa sababu mke analia ovyo, anaiangukia maiti, anavuruga zamu za wenzake. Nilie kama mtu wa kazi. Zamu yangu itakuwa ya tatu.

"Tatizo langu si hilo, mama. Mimi silii kabisa."

Akaenda kabatini, akarudi na kikopo cha dawa ya kuchulia kichwa, ile inayochoma. "Kidogo tu, chini ya jicho," akasema. "Ulidhani miaka yote hii nawalilia kwa mapenzi?"

Akanivua hereni, akanifuta wanja, akanifunika kichwa kwa upindo wa sari na kuuingiza uzi wangu wa ndoa ndani ya blauzi. Bangili zilikataa kutoka. Ni za kioo, za kijani, Elumalai mwenyewe alinivisha kwa sabuni kwa sababu nina mikono mikubwa. Mama Anjalai alihangaika nazo mpaka akachoka, akasema basi, niishushe mikono ya blauzi.

Kesho yake saa tatu asubuhi tulikuwa kijijini.

Sekar mwenyewe ndiye aliyetupokea mlangoni. Akatusalimia sote wanne, akatuonyesha mkeka, akaendelea na shughuli zake. Mwanzoni sikuelewa kwa nini hakunitambua, baadaye nikaelewa. Siku ile ya hospitali alinitukana dakika nzima, lakini muda wote alikuwa anaitazama shingo yangu, mikono yangu, kifua changu. Usoni hakufika. Watu wengi hawafiki.

Elumalai alikuwa amelazwa chini ya turubai, kwenye sanduku la barafu la kukodi lenye kifuniko cha kioo. Walikuwa wamemwekea sarafu kwenye paji la uso na pamba puani. Nywele walikuwa wamemchania kuelekea kulia. Yeye anachana kushoto, kila siku, hata siku ya kushinda kisimani. Mikono yangu ilitaka kukifungua kile kifuniko, kwa hiyo nikaikalia.

Kichwani mwa sanduku alikuwa ameketi mama yao, Mama Pachaiyamma, mdogo wa umbo, sari yake nyeupe ya ujane wa zamani. Hakuwa analia. Uwanja mzima ule ulikuwa na watu wawili wenye macho makavu, yeye na mimi.

Vasugi, mke wa Sekar, akaja kukaa karibu yangu. Ni mwanamke anayependa kuongea, na waliomzunguka walikuwa wameshamsikiliza vya kutosha.

"Poleni, dada," nikamwambia.

"Tumeshapoa. Shemeji yangu amekufa bila mke, dada. Miaka arobaini na moja."

"Masikini."

"Kuna Tisa mmoja huko mjini alimganda. Inasemekana alimlisha kitu."

"Wali, labda."

"Unasemaje?"

"Nasema labda alimtilia kwenye wali."

"Wala sikatai. Tena lina mikono mikubwa kama beleshi, wanasema."

Nikaivuta mikono yangu ndani zaidi. "Kuna watu," nikasema.

"Lithubutu tu kuja leo. Sekar ameweka mundu pale nyuma ya mlango, ameunoa jana."

Nikamshukuru kwa kunijulisha.

Ngoma zikaanza, tukaingia kazini. Mama Anjalai alifungua: ewe mwana wa simba, ewe nguzo ya ukoo, nani atalibeba paa sasa. Elumalai alikuwa mtu wa kimo cha kawaida mwenye maumivu ya mgongo, lakini hivyo ndivyo wanavyoimbwa wote. Wa pili akafuata na mwezi ulioanguka. Wanawake wa nyumbani wakaguna kwa heshima tu, maana simba na mwezi wameshavisikia.

Zamu yangu ikafika. Nilijipaka ile dawa, macho yakachoma, yakatoa maji kidogo ya kazi. Nikaanza na simba kama nilivyofundishwa. Simba akafika mstari wa pili akakwama, na sikuwa na kingine cha kusema isipokuwa ninachokijua.

Nikaimba, nani atakwangua ukoko chini ya sufuria, ewe mla ukoko, uliyemwachia mwenzako wali mweupe. Nikaimba, nani atatafuta miwani nyumba nzima naye ameivaa. Nikaimba goti lake la kushoto lililokuwa likilia akiinama kisimani, hata mwenye shamba akajua fundi amefika. Nikaimba, umewapa maji wa karibu na wa mbali, na wewe umeondoka na kiu.

Wapiga ngoma wakapunguza. Kisha wale wanawake wakaanza kulia, kikweli, mmoja akimwambukiza mwingine, na Vasugi akalia mpaka kamasi. Mama Anjalai alilia bila dawa na kunikata jicho la hasira katikati ya machozi. Nilikuwa nimemharibia mpangilio.

Mama Pachaiyamma hakulia. Lakini niliposema ukoko aliinua kichwa, na hakukishusha tena.

"Umejuaje habari za ukoko?" Vasugi akaniuliza akijifuta pua.

Mama Anjalai akadakia kwamba kabla ya kwenda msibani huwa tunaulizia, ndiyo kazi yenyewe.

Sekar akaja. Nikasema moyoni, leo miguu yangu imekwisha. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. "Kunywa, dada," akasema. "Hili koo lako lipoze. Kaka yangu angekusikia angefurahi." Kisha akanigeuzia feni. Nikainywa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama anavyoipenda kaka yake.

Saa saba mchana kinyozi akaingia uani na mgomba.

Kijijini kwao, kama kwetu, kinyozi ndiye anayeendesha mazishi, na huyu, Munusami, alikuwa mtu wa taratibu. Akawaambia wafiwa kwamba marehemu anaondoka kapera, na kapera hatoki getini hivi hivi; roho yake itarudi kila mwaka kutafuta mke na kusumbua mabinti wa watu. Lazima aozeshwe kwanza. Bibi harusi ndiye huyu.

Ulikuwa mgomba mchanga wa kimo cha msichana. Walikuwa wameuvika sari nyekundu na kuupaka kidoti chekundu pale majani yanapoanzia. Nakiri ulipendeza.

Nilikuwa nimesikia habari za ndoa hizo tangu utotoni, lakini kwa vijana waliokufa wadogo. Haikunipitia akilini kwamba watamwoza Elumalai. Mwanaume ameishi na mke miaka saba, amegombana naye kuhusu feni, kuhusu chumvi, kuhusu mama yake, kisha anaozwa kama mvulana asiyewahi kushikwa mkono.

Taratibu za Munusami zikakutana na kikwazo. Bibi harusi hawezi kusimama peke yake, ashikwe na mwanamke. Vasugi akarudi nyuma: yeye ana mume, na anayemshika bibi harusi wa maiti anakaribisha ujane nyumbani kwake. Mashangazi nao wakakumbuka waume zao. Wajane hawakuruhusiwa kabisa. Munusami akautazama mkeka wetu akasema mmoja wa hawa wa kukodi ashike.

Mama Anjalai akasema yeye na wale wenzake wawili wana waume. Akaishia hapo. Watu wakanitazama mimi.

"Wewe umeolewa?" Munusami akauliza.

Aliniuliza hivyo mbele ya maiti ya mume wangu, mita mbili kutoka usoni pake, na mimi nina uzi wake kifuani. Nikisema ndiyo, ninabaki mkekani, na jeneza linatoka. Nikisema hapana, ninamkana, lakini ninamkaribia.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi kuolewa."

Karani wa hospitali angenipa mkono.

Wakanikabidhi mgomba, nikaukumbatia na kuupeleka pembeni ya sanduku. Wakafungua kifuniko, baridi ikanipiga usoni. Tangu jana yake nilikuwa sijawa karibu naye hivyo. Munusami akauinua mkono wa Elumalai, akaulazimisha ushike uzi wa manjano, akauzungusha kwenye shina mara tatu. Mume wangu akaoa. Nimewasikia wanawake wengi wakimlalamikia mke wa pili. Wangu hakuwa na makuu, ila utomvu wake ulikuwa unanidondokea begani.

Wakati Munusami akifunga fundo, nikapitisha vidole haraka kwenye nywele za Elumalai na kuzirudisha kushoto. Nilifikiri hakuna aliyeona. Nikainua macho, nikakutana na macho ya Mama Pachaiyamma.

"Sasa mke atangulie kumtilia mumewe mchele," Munusami akatangaza. "Mshikaji amtilie kwa niaba yake. Kisha tunamtoa uzi, tunaukata mgomba, tunaondoka."

Tangu asubuhi nilikuwa napanga namna ya kuiba nafasi hiyo, na sasa naamriwa. Wakanisogezea sinia la mchele wa nyumbani kwao. Mawe mawili yalikuwa juu kabisa, wala hayakujificha.

Nikaushika mgomba kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili nikafungua fundo la pindo langu.

Sekar alikuwa amesogea na mundu wake, tayari kuukata mgomba. Akanidaka kifundo cha mkono.

"Huo umetoka wapi?"

Mkono wa blauzi ulikuwa umepanda. Akautazama mkono wangu. Akazitazama bangili za kijani. Macho yake yakapanda shingoni, yakakaa hapo kidogo, na leo yakaendelea mpaka yakafika usoni.

"Ni wewe," akasema, kwa sauti ya chini.

"Nani?" Vasugi akauliza.

"Yule Tisa."

Ngoma zikanyamaza. Wanawake waliokuwa wamenilalia begani wakilia dakika chache kabla wakajivuta nyuma na kukusanya sari zao. Mama Anjalai alianza kutafuta ndara zake.

"Toka," Sekar akasema.

"Nitatoka. Niache nimtilie huu mchele, nitoke. Miguu utanivunjia nje."

"Umeufanyia dawa huo."

"Nimeuchambua."

"Nimesema toka."

Mama Pachaiyamma akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaja mpaka nilipo, akanifunua ngumi kidole kimoja kimoja, akachukua punje chache, akazisugua kwa dole gumba. Kisha akazitia mdomoni mwake mwenyewe na kuanza kutafuna, mbichi hivyo hivyo.

"Mama, tema," Sekar akasema.

Hakutema. Alitafuna mpaka akamaliza, na uwanja mzima ukimsubiri.

"Hauna jiwe," akasema. Akanitazama. "Mkahawa gani unachambua hivi? Nilijua tangu kopo la kwanza, mwanangu. Nikala. Kila mwezi nikala, na nikanyamaza."

Ndipo nilipogundua kwamba ninalia. Ile dawa ilikuwa imekwisha tangu wakati wa chai. Nililia ovyo, vibaya, bila zamu, nikiwa nimekumbatia mgomba, na kama ningepewa nafasi ningemwangukia vilevile kama Mama Anjalai alivyoogopa.

Munusami alikohoa. Alisema anaomba radhi, lakini muda umekwenda, mchele utiwe, mjane akatwe uzi, mwili unyanyuliwe. Kwake yeye jua lilikuwa jambo kubwa kuliko mimi, na kwa hilo nilimpenda.

"Mtilie, mwanangu," Mama Pachaiyamma akaniambia. "Na wewe Munusami, kata uzi."

Munusami akaugeukia mgomba.

"Si huo."

Mama Pachaiyamma akaingiza kidole kwenye ukosi wa blauzi yangu, akauvuta uzi wangu wa manjano nje, akauinua watu wote wauone. "Huu hapa," akasema. "Mwanangu hakuwa kapera."

Kila aliyekuwa pale alielewa maana yake. Uzi ukikatwa na kinyozi, mbele ya ukoo, juu ya maiti, mimi ni mjane wa nyumba ile mpaka nife. Hakuna karani atakayeniandika jirani tena. Munusami naye alilielewa. Alifikiri, hakuona utaratibu wowote unaolikataza, akanyoosha mkono kwa Sekar kuomba kitu cha kukatia.

Sekar hakuutoa mundu.

"Nitaukata mwenyewe," akasema.

Mama yake alikuwa bado ameuvuta uzi kwa kidole. Mkono wangu wenye mchele ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika mdomoni mwa Elumalai. Sekar akapiga hatua, mundu ukapanda usawa wa kidevu changu, na mimi nikamtazama machoni nijue anachokiangalia ni nini, uzi au shingo.

Sikuweza kujua. Alikuwa ameacha tena kunitazama usoni. Yaliyofuata ni ya juma lijalo; gazeti hilo usilifungie karanga.